Sekunde ya Kocha

Kocha wetu ana daftari la jalada gumu la kijani, na katika daftari hilo hakuna mtu aliyewahi kusifiwa. Kila siku ina mistari michache tu: jina, umbali, muda, hali ya hewa. Siku niliyokimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yangu nilikwenda kuchungulia begani kwake, nikakuta ameandika muda wangu na neno moja la Kifaransa, "vent," yaani upepo. Nikamuuliza kama upepo ulinisukuma au ulinizuia.

"Nilisema kulikuwa upepo," akajibu. "Sikusema ulifanya nini."

Namwita Kocha tu, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa. Wenzangu waliozaliwa Brussels na wazazi wa Kikongo humwita Papa Coach. Ni mtu wa Lubumbashi, wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwembamba, na hutembea kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Mimi natoka Morogoro. Nilikuja kusomea tiba ya viungo katika chuo kidogo kilichoko Forest, kusini mwa mji, chuo ambacho ukikitaja mbele ya wanafunzi wa vyuo vikuu wanakuuliza kama bado kipo. Kwa kitengo chetu cha riadha swali hilo lilikuja kuwa la kweli, na mkono wangu ulikuwemo. Ndiyo maana siwezi kumweleza Kocha bila kukiri mambo yangu.

La kwanza ni hili. Mimi ni mtu wa kusoma ujumbe mara nne kabla ya kuutuma, na mara mbili baada ya kuutuma, wakati hakuna tena cha kufanya. Karibu kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe. Kukimbia nilijifunza kwa video za simu. Kifaransa nilikianza kwa kusoma maandishi ya nyuma ya maboksi ya sabuni, kwenye duka la kufulia nguo chini ya nyumba ninayokaa Saint-Gilles. Kutengeneza majedwali kwenye kompyuta nilijifunza kwa kukosea. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana hofu yake maalumu: anaamini kuna jambo moja la msingi ambalo wenzake wote waliambiwa siku ya kwanza, na siku hiyo yeye hakuwepo.

Siku yangu ya kwanza uwanjani nilimwamkia Kocha, "Shikamoo." Akatazama viatu vyake, kisha vyangu.

"Bonjour, ma fille," akasema, yaani binti yangu. "Kwetu tunasalimiaka tu. Unakimbiaka nini?"

"Mita mia nane."

"Nani alikuambia?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Akanionyesha mstari wa kuanzia, akatoa saa yake ya kupimia, ambayo huiita chrono, akasimama pembeni na mkono juu. Hatumii filimbi wala bastola. Huinua mkono wa kushoto, husema "prêt," yaani tayari, kisha hupiga paja lake kwa kiganja, pa! Ukisikia paja, unakwenda. Kidole gumba cha mkono wa kulia kiko kwenye chrono, na hakuna anayekitazama kidole hicho, maana wote mnatazama mbele. Nilikuja kukifikiria kidole hicho kuliko kitu kingine chochote mwilini mwa binadamu.

Ni mtu anayepima sekunde lakini dakika zinampita. Mazoezi yalianza saa kumi na mbili jioni, na saa kumi na mbili na robo tulikuwa bado tunaruka ruka kwenye baridi tukimngoja. Anaishi mitaa mitatu kutoka uwanjani, ila katika mitaa hiyo mitatu kuna Mreno wa matunda, kuna wajane wawili wa kanisa lake, na kuna mzee Mbelgiji anayetembeza mbwa na anayependa kulalamika kuhusu tramu. Wote huwasikiliza mpaka mwisho. Akishafika, mmoja wetu akitokea dakika tatu baada yake, humkaripia.

"Weye unatokaka wapi saa hii? Unaona batu bote biko hapa?"

"Papa Coach, na wewe umefika sasa hivi."

"Mi niko mukubwa. Mukubwa hachelewake, anakawia."

Alitukataza soda. Yeye mwenyewe kila jioni alikuwa na chupa ya soda ya machungwa mfukoni mwa koti, akinywa kwa funda ndogo huku akitutazama tunakufa kwenye kona ya mwisho. Mireille, nahodha wetu wa kupokezana vijiti, msichana wa mwaka wa tatu mwenye ulimi mwepesi, aliwahi kumuuliza kama soda yake ilikuwa ya tiba. "Ndiyo," akasema. "Inaniponyesha kuona namna unakimbiaka."

Ni shemasi kanisani kwake. Pamoja na hayo hakuruhusu mtu yeyote apige magoti kabla ya mbio kuomba ushindi. Mtu aombe asiumie, basi. "Mungu haiko chronométreur," alisema, yaani mpima muda. "Iko na kazi ingine."

Kwa miaka ishirini na miwili alipachika milango ya magari katika kiwanda cha hapo Forest. Alijua mlango mmoja ulichukua muda gani, na aliweza kukaa mezani akizungumza na wewe, akasema ghafla "voilà, mulango moja," ukatazama saa ukakuta ni kweli. Kisha kiwanda kikafungwa. Alikuja mazoezini siku hiyo hiyo, akachelewa kama kawaida, akatupangia mita mia nne mara sita. Kilichobadilika ni suruali. Alianza kuvaa suruali ya kazi ya kiwandani, yenye mistari ya kung'aa miguuni, kila siku, hata siku za Jumapili bustanini. Mireille alisema anaimaliza. Mimi niliona kwamba tangu hapo alikuwa na kazi moja tu, na kazi hiyo ilikuwa sisi, watu kumi na wawili wa chuo kidogo, nusu yetu tukifanya kazi za mwisho wa wiki katika migahawa na nyumba za wazee.

Kazi hizo za mwisho wa wiki zina maana katika habari hii. Mashindano rasmi ya ligi ya vyuo hufanyika Jumamosi. Wengi wetu Jumamosi tulikuwa tunabeba sahani au kuwageuza wagonjwa kitandani, kwa hiyo nyakati zetu nyingi zilikuwa kwenye daftari la kijani tu.

Mimi nilikuwa na sababu nyingine. Sikuwa na kazi ya Jumamosi. Nilijiandikisha mashindano mara mbili, na mara mbili nikajitoa. Mara ya kwanza nilisema goti. Mara ya pili nilisema mtihani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejiwekea sharti: sitashindana mpaka daftari la Kocha lionyeshe chini ya dakika mbili na nusu. Lilikuwa limekwama kwenye dakika mbili, sekunde thelathini nukta tisa. Wiki hadi wiki, chini ya sekunde moja tu ilinizuia kuwa mtu. Kocha hakunilazimisha. Alinifanya kuwa sekretari wa kitengo, akaniita Madame Secrétaire, nami nikajificha ndani ya cheo hicho kama mtu aliyejificha chooni siku ya harusi.

Halafu ligi ikavunjika. Haikuvunjika kwa ugomvi, ila kwa barua za adabu. Vyuo vikuu vilisema vinaondoka kwenda kuanzisha ligi yao na wakubwa wenzao wa upande wa Kiflemi. Sisi tuliobaki tukaambiwa tutapangwa upya: vyuo vinane Kundi la Kwanza, wengine wote Kundi la Pili. Kundi la Kwanza lingekuwa na mashindano ya kila mwezi na mbio za kupokezana. Kundi la Pili lingekuwa na siku mbili kwa mwaka, basi. Ili kuwapanga watu, kila chuo kilitakiwa kupeleka nyakati bora za msimu uliopita kwa mbio kumi na mbili, sita za wanawake na sita za wanaume. Zingejumlishwa. Jumla ndogo zaidi ndiyo bora. Asiye na muda rasmi angekubaliwa muda wa mazoezi, ilimradi kocha wake ausaini.

Mkurugenzi wa chuo alituita, Kocha na mimi. Ni mama mpole, anayezungumza polepole na wageni kwa nia njema. Akasema chuo hakiwezi kuendelea kuchukua saa za uwanja wa manispaa kwa ajili ya siku mbili kwa mwaka. Tukiingia Kundi la Kwanza, tunaendelea. Tukiangukia la Pili, saa hizo zinarudishwa, na yeye ataona kama kuna sababu ya kuwa na kitengo cha riadha hata kidogo.

Tulipotoka nje Kocha alisimama kwenye ngazi akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Kiwanda balisha kufunga," akasema. "Sasa banataka kufunga na mbio." Kisha akanigeukia. "Madame Secrétaire, hiyo dossier ni yako. Weye unaangaliaka mambo."

Hakuna sifa iliyowahi kuniingia kama hiyo. Nilifanya kazi hiyo kwa siku nne. Nilipitia daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, na kila muda niliulinganisha na tarehe, na kila tarehe niliilinganisha na orodha yangu ya mahudhurio. Wanariadha watatu walikuwa na nyakati rasmi za msimu huo. Tisa, mimi mwenyewe nikiwamo, tulikuwa na nyakati za daftari. Nilipiga chapa, nikasoma kwa sauti, nikasoma kutoka chini kwenda juu kama nilivyojifunza kwenye video moja ya wahariri. Kisha nikampelekea Kocha uwanjani asaini.

"Soma kwanza, Kocha."

"Uliangalia mara ngapi?"

"Mara sita."

"Basi mi nitaangalia ya saba juu ya nini?" Miwani yake ilikuwa mfukoni. Akasaini juu ya goti.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Tulikuwa wa tisa. Chuo cha nane kilitupita kwa sekunde nne, nne kwa mbio zote kumi na mbili zikijumlishwa. Nililisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikiwa na kiatu kimoja. Mireille alichukua karatasi mkononi mwangu, akapiga hesabu kwa vidole, akauliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Na seconde ya Papa uliitoa?"

"Sekunde gani?"

Akaniangalia. Wasichana wengine wawili wakaacha kufunga mikoba yao.

"Weye, bongo," akasema, yaani naongopa. "Seconde ya Papa! Anaanzaka chrono kwa 'prêt,' haianzishake kwa paja. Kila muntu anajua."

Mimi sikujua. Nilikaa pale na kiatu kimoja nikaelezwa, katika mwaka wangu wa pili kwenye timu, jambo ambalo kila mtu alilijua. Kocha hubonyeza saa anaposema "prêt," kabla ya kupiga paja. Kila muda ulioandikwa kwenye daftari la kijani ni mrefu kuliko ule uliokimbiwa, kwa karibu sekunde nzima. Wageni hawaambiwi. Wanaachwa wagundue wenyewe katika mashindano yao ya kwanza rasmi, wanapotazama ubao na kukuta wamekuwa wepesi kuliko walivyoamini. Ndiyo zawadi yake kwetu. Mireille alilia siku yake. Wote walikuwa na siku yao, msimu huo au wa nyuma, isipokuwa mtu mmoja ambaye hakutaka kushindana mpaka daftari limruhusu.

Sasa nikiri la pili, ambalo ni baya zaidi. Niliwahi kuona. Miezi kadhaa kabla ya hapo nilimpima Mireille kwa simu yangu, kwa mchezo tu, nikiwa nimekaa ng'ambo ya uwanja. Simu yangu ilitoa muda mdogo kuliko wa Kocha kwa sekunde nzima kasoro kidogo. Mtu mwingine angesema, "Kocha, saa yako ina nini?" Mimi nilikitazama kidole changu. Nikasema ni mimi, nimechelewa kubonyeza, kama kawaida yangu. Nikafuta ile namba kwenye simu ili asije akaiona mtu.

Nyakati tisa za daftari zilikuwa na karibu sekunde tisa za Kocha ndani yake. Tulikosa nafasi kwa nne.

Barua ilitoa siku kumi za kurekebisha makosa. Jumamosi hiyo nilimfuata Kocha Matonge, mtaa wa maduka ya Wakongo, ambako hunyolewa kila wiki ya pili na kinyozi mnene anayejua siasa zote za Kinshasa. Nilimkuta kitini, shuka limemkaba shingo, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado. Hakuweza kuinuka. Nilifurahi kwamba hawezi kuinuka.

Nilimweleza yote kwa haraka, mpaka na simu, mpaka na kidole. Nilimaliza kwa kusema nisamehe. Kinyozi alizima mashine ili asikie vizuri.

"Ulijuaje?" Kocha aliniuliza kupitia kioo.

"Mireille ameniambia."

"Na mbele ya hapo, ulijua?"

"Sikujua."

"Hukukimbiaka competition hata moja." Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na kukikuta. "C'est vrai. Hukukimbiaka."

Nikatoa karatasi mpya niliyokwisha kuichapa. Nyakati tisa, kila moja imepunguzwa sekunde moja, na chini nafasi ya saini. Nikamwambia tuna siku kumi.

Aliitazama bila kuishika, mikono yake ilikuwa chini ya shuka.

"Hii seconde moja, ulipima?"

"Hapana. Lakini Kocha, ni karibu..."

"Karibu. Siku ingine ni zéro virgule sept, saba ya kumi. Siku ingine niko nachoka, 'prêt' yangu inalala. Mi mwenyewe sijui. Unataka nisaini kintu sijui?"

"Papa," kinyozi akaingilia, "toa tu hiyo seconde. Nani ataona? Bale banaofukuza timu yako inje, bao banasemaka kweli?"

"Weye kata nywele."

"Mi nakata. Lakini hao batoto banaenda kukosa mahali pa kukimbilia juu ya kichwa yako nguvu. Nusu imenyolewa, bado nguvu."

Kocha hakucheka. Akaanza kueleza, akimwambia kinyozi, ingawa mimi ndiye niliyekusudiwa. Alipokuwa kijana Lubumbashi alikuwa na kocha aliyempenda sana. Kocha yule aliwapa vijana wake nyakati tamu, za kutia moyo. Akampeleka Kinshasa akiamini kwamba yeye ni wa pili nchini. Alikimbia mbio moja. Alipovuka mstari, waamuzi walikuwa wameshageuka kuwatazama wa mbio inayofuata. "Nilirudia kwetu siku tatu, sisemi na muntu. Nikasema mi sitafanya mutoto wa muntu vile. Atadanganywa, alors, adanganywe chini. Hapana juu."

"Sasa huyu hukumudanganya chini?" kinyozi akauliza, akininyooshea mashine. "Angalia sura yake."

Mireille huwa na maelezo mengine kuhusu ile sekunde: anasema ni mambo ya kiwandani, kwamba ukionyesha kasi yako ya kweli wanaongeza kasi ya mkanda unaopitisha magari, na Kocha amezoea kuficha kidogo. Niliwahi kuamini hilo pia. Siku ile sikuamini chochote, nilimwona tu mzee ambaye nusu ya kichwa chake ilikuwa na mvi na nusu haikuwa na kitu, akinitazama kwenye kioo.

"Mi nilikuaminia weye, nikasaini," akasema. "Weye uliaminia kaye yangu, ile daftari, ukaandika. Hakuna mwizi hapa. Lakini nikisaini hii ingine, sasa iko mwizi." Akafumba macho. "Washa machine."

Hakusaini. Siku kumi zikapita. Saa zetu za uwanja zilirudishwa manispaa kabla ya likizo. Mkurugenzi, kwa upole wake, aliacha mlango wazi kidogo: kama siku ya kwanza ya Kundi la Pili, mwezi wa kumi, chuo kitakuwa na watu wanane kwenye mstari wa kuanzia, kitengo kitabaki na jina lake. Wakiwa pungufu ya wanane, kinafungwa.

Kiangazi chote nilimkwepa. Nilibadilisha duka la mboga. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu ili nisipite karibu na mtaa wake. Kila usiku nilipiga ile hesabu ya tisa na nne. Sehemu yangu moja ilimchukia kwa sababu ya saini aliyoikataa, na sehemu nyingine ilijua kwamba kama angesaini ningeacha kumwamini, na nisingejua tena muda wangu wowote ni wa nani.

Nilimwona Jumapili moja asubuhi, wiki moja kabla ya mashindano. Nilikuwa nakimbia peke yangu katika bustani ya Forest, ile iliyolala kwenye mteremko, na sikutazamia mtu kwa kuwa kulikuwa na manyunyu. Niliona mistari ya kung'aa kabla sijamwona yeye. Suruali ya kiwandani, soda mfukoni, na mkono wa kushoto juu. Chini yake kulikuwa na Mireille, vijana watano wa zamani, na msichana mmoja nisiyemjua, mwembamba, aliyefunga kilemba cha michezo.

"Prêt," akasema Kocha.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, upande wa kulia. Nilikiona kidole. Kilibonyeza. Kisha, pa!

Wakaondoka. Kocha akageuka akaniona.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu ndilo neno lililokuwepo.

"Bonjour, ma fille. Umekonda." Akatazama tena njia. "Bote biko sita. Na huyu mupya, sept, saba. Lakini anakataa."

"Anakataa nini?"

"Competition. Anasema haiko tayari."

Walipozunguka na kurudi, yule msichana alikuja moja kwa moja kwa Kocha, akihema, mikono kiunoni. Ni Mkenya kutoka Nakuru, mwaka wa kwanza, nilikuja kujua baadaye. "Coach, ni ngapi?"

Kocha akamsomea. Msichana akafunga macho kwa nguvu, kama mtu aliyechomwa sindano.

"Bado. Ikifika mbili arobaini ndio nitajiandikisha. Wiki ijayo haiwezekani, Coach, pole. Nitakuja kushangilia tu."

Mireille alinitazama. Najua alichokuwa anafikiria, maana ndiyo desturi: mgeni haambiwi. Ukimwambia unamnyang'anya siku yake kwenye ubao. Kocha alikuwa ameshafungua daftari na anaandika, kichwa kimeinama. Hakunikataza wala hakuniruhusu.

Nilimvuta yule msichana pembeni, hatua tatu tu, si mbali kiasi cha Kocha kutosikia.

"Dada, usingoje daftari," nikamwambia. "Mimi nililingoja miaka miwili. Wewe ni mwepesi kuliko lilivyoandikwa."

"Kivipi?"

"Nenda ukaone mwenyewe. Ukikosa, utanilaumu mimi."

"Na wewe unakimbia?"

Swali hilo lilikuwa halali, na sikuwa nimejiandaa kulijibu. Nyuma yangu nilisikia kalamu ya Kocha imesimama.

"Ndiyo," nikasema. "Nakimbia."

"Huit," Kocha akaliambia daftari lake, yaani wa nane.

Fomu ya kujiandikisha alikuwa nayo ndani ya jalada la kijani, imekunjwa mara nne, imeloa pembeni. Akanipa. "Madame Secrétaire, andika." Niliandika juu ya mgongo wa Mireille, ambaye alilalamika kwamba namchoma. Majina manane. Kwenye safu ya muda bora niliandika nyakati rasmi za wale sita waliokuwa nazo. Mbele ya jina la msichana wa Nakuru niliacha wazi. Mbele ya jina langu, mimi ambaye sijawahi kuacha kisanduku chochote cha fomu yoyote bila kukijaza, niliacha wazi pia.

Nikampa asaini. Kocha alipapasa mfuko wa koti, akatoa miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Akaisoma fomu kuanzia jina la chuo, kidole gumba kikishuka mstari hadi mstari, mvua ikidondoka juu ya karatasi, na sisi wote tukitetemeka tukimngoja. Alipofika kwenye nafasi zile mbili zilizo wazi alikaa hapo kidogo. Kisha akasaini.